Mjumbe wa Umeme

Mafundi walizilaza nguzo nne kando ya barabara, wakapiga nazo picha, wakaondoka. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Nguzo nazo hazikukaa bure: asubuhi watu walizianikia maharage, jioni wazee walizikalia na kuzungumzia umeme.

Kulikuwa na kijitabu kimoja cha kuwaalika wawekezaji. Humo ndani kitongoji chao, huko juu Chome, kilipakwa rangi ya kijani, maana yake umeme, maji na mawasiliano vinapatikana. Mawasiliano yalipatikana kweli, ukipanda juu ya jiwe nyuma ya kanisa. Maji yalipatikana mtoni, kama yalivyopatikana tangu dunia kuumbwa. Umeme ulipatikana kwenye kijitabu.

Aliyebebeshwa mzigo wa kuufuatilia ni Gideoni Mbwambo. Mkutano ulimchagua kwa kauli moja, kwa sababu alikuwa na muda, alikuwa na kauli nzuri, na aliweza kukaa kwenye benchi la ofisi siku nzima bila kusinzia. Mara kumi na sita aliteremka mjini Same, kwenye ofisi ya umeme. Mara kumi na sita alirudi na neno moja: bado.

Na mtu huyu alikuwa akijitolea hasa. Siku za safari aliifunga mashine yake ya kusaga ya dizeli, ambayo ndiyo pekee kitongojini, na akina mama waliokuja na madebe ya mahindi walirudi nayo nyumbani bila kunung'unika. Utamnung'unikia vipi mtu anayekuhangaikia? Kanisani aliombewa kwa jina.

Safari ya kumi na saba, Raheli aling'ang'ania kwenda naye. Raheli alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama. Miaka miwili nyuma, walipoziona tu zile nguzo, walinunua mashine ya umeme ya kukoboa na kusaga. Gideoni mwenyewe alisaidia kuishusha kwenye gari. Sasa ilikuwa kwenye stoo ya kanisa, imefunikwa kanga, na kuku wa mwinjilisti alikuwa akitagia juu yake.

"Labda wakikuona na mwanamke wataona aibu," Raheli alisema njiani.

"Aibu waitoe wapi, mwanangu? Tena wale ukiwaendea wengi wanakasirika. Mimi wameshanizoea."

"Basi nitakaa nje, nisali."

Gideoni akakubali. Mtu hakatazwi kusali.

Walifika saa nne. Mhusika alikuwa kwenye kikao. Kikao kilipokwisha, alikuwa kwenye chai. Chai ilipokwisha, ikabidi iingie chakula cha mchana, maana kila kitu kina utaratibu wake. Ilipofika saa nane na nusu Gideoni akaitwa. Raheli akabaki kwenye benchi la nje, amefumba macho, midomo inamchezacheza.

Nyuma ya meza hakuwepo yule bwana wa siku zote. Alikuwepo binti mmoja mwenye miwani, na mbele yake faili la kitongoji chao, tena limefunguliwa. Gideoni alikaa taratibu, akilitazama. Katika safari kumi na sita hakuwahi kuona mtu analifungua lile faili.

"Shikamoo mzee. Naitwa Irine. Nimehamia hapa wiki iliyopita."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mjumbe wa umeme kutoka Chome. Nadhani bado, eti?"

"Nani kasema bado? Nimelisoma faili lenu lote. Nguzo mnazo, nyaya zipo stoo yetu, transfoma ipo. Nimejiuliza, kwa nini watu hawa wako gizani?"

Gideoni alisogeza kiti. "Ofisi mna kazi nyingi," alisema kwa upole.

"Siyo ofisi, mzee. Laini inapita kwenye shamba moja, na mwenyewe hataki. Kila pingamizi lake likikaribia kuisha muda, analeta jingine. Miaka miwili!" Irine akatikisa kichwa. "Mnamfahamu mtu huyo?"

"Tunamfahamu."

"Ni mtu wa namna gani?"

Gideoni alifikiri kidogo. "Ni mtu wa watu," alisema. "Kanisani wanampenda. Ila kwa jambo hili ni mgumu."

"Basi nisikilize. Pingamizi lililopo linakwisha leo saa tisa alasiri. Asipoleta jingine kabla ya hapo, kesho asubuhi mafundi wanapanda, na kabla ya Jumapili mnawasha taa. Nimeshaandaa gari." Akatabasamu, akaonyesha dirishani. "Yule mama umekuja naye? Mwite aingie, nimwambie mwenyewe."

Gideoni alitazama nje. Raheli alikuwa bado amefumba macho. Kiganja kimoja alikuwa amekiweka kifuani, kingine kimeshika kitambaa alichofungia mahindi ya kuchoma, la kwake na la Gideoni. Kwa kitambo kidogo Gideoni alionekana mzee kuliko umri wake.

"Mwache kwanza," alisema.

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa tisa kasoro dakika kumi. Aliingiza mkono ndani ya shati, akatoa bahasha, akainyoosha mikunjo kwenye paja, kisha akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Nigongee muhuri wa leo, mwanangu," alisema. "Mwenye shamba ni mimi."