Mafundo ya Musoki

Watafiti mia tatu walikuwa wameinukuu makala ya daktari wa akili kuhusu mgonjwa wake, Musoki. Daktari alibadilisha jina la Musoki na la kijiji chake, akasahau kuficha mafundo. Kwa kila mtu aliyempoteza, Musoki hufunga fundo moja kwenye ncha ya kitenge chake.

Asubuhi moja aliingia kliniki kwa daktari huyo, hapa Bunia, pamoja na mume wake. Mwanafunzi mgeni wa udaktari kutoka Kisangani alikiona kitenge, akaruka kwa furaha.

“Mama, ni weye! Siye wote tulisoma juu yako! Hii fundo ndogo ni ya ule mutoto uliacha mu njia, angali analia?”

Daktari alimvuta mwanafunzi nyuma kwa mkono.

Mume alilishika fundo hilo dogo kwa vidole viwili.

“Musoki, si uliniambia homa ndiyo ilimuua?”