Ujima wa Maneno

Kamusi ilikatwa kwa panga. Eugenia aliishikilia juu ya gogo, Speciose akashusha panga la kukatia ndizi, na kitabu cha Sista Felicitas kikawa vipande viwili: A hadi L cha Eugenia wa Songambele, M hadi Z cha Speciose wa Kamuli. Sista mwenyewe, mwalimu wao, alikwisha kuhamishwa, akawaachia wasichana wawili kamusi moja, na mtihani wa kuingia chuo cha ualimu ulikuwa umekaribia.

"Tufanye ujima," alisema Speciose. "Wewe lima nusu yako, mimi nilime yangu. Jumamosi tunafundishana."

Ujima kule hata watoto wanaujua. Leo wote wanapalilia kibanja chako, kesho cha jirani, na hakuna anayesimama nyuma ya mwenzake kuangalia kama jembe linazama. Kutegea kwenye ujima ni aibu ya ukoo mzima.

Basi kila Jumamosi Eugenia alikuja Kamuli, wakaketi kando ya mkeka wa kahawa, mikono ikichambua buni, midomo ikichambua Kiingereza. Eugenia alikuwa na kipaji cha kufundisha.

"Frugal," alisema, "ni mtu wa hasira za karibu. Kama mjomba Rwezaura alivyovunja kibuyu cha pombe ya rubisi kwa sababu ya nzi mmoja."

Speciose alicheka hadi buni zikamwagika, na neno likakaa. Jubilant, kwa Eugenia, alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Gullible alikuwa mtu mwenye bahati. Speciose naye alitoa ya kwake, moja moja, kwa mifano ya nyumbani, na Eugenia akayapokea yote kama mtoto anayelishwa uji.

Mara moja tu Eugenia aliuliza, "Waitu, mwenzangu Speciose, kwa nini tusibadilishane vitabu wiki hii?"

"Ujima gani wa kukaguana?" Speciose alimjibu. "Huniamini?"

"Nakuamini," Eugenia alisema upesi, wala hakurudia tena.

Nafasi ilikuwa moja. Chuo kingechukua msichana mmoja tu kutoka upande ule. Hilo walilijua wote wawili na hawakulitia mdomoni. Mzee Mbonimpa, baba yake Speciose, alikwisha kusema hana mwaka mwingine wa kumngoja binti mkubwa ashinde na kitabu. Akishindwa, arudi kwenye kahawa na migomba, aolewe. Usingizi ulimpaa Speciose kila alipoyakumbuka maneno hayo.

Asubuhi ya mtihani, mjini Kayanga, watahiniwa walijazana nje ya darasa. Kijana mmoja wa Ihanda, Cassian, alikuwa akimsaili mwenzake.

"Frugal?"

"Mtu asiyetumia mali ovyo."

Speciose akatabasamu. Maskini, alijisemea, hawa wameisha.

"Jubilant?"

"Mwenye furaha isiyo kifani."

"Hapana, kaka," Speciose alishindwa kuvumilia. "Huyo ni mgonjwa wa siku nyingi."

Vijana wakatazamana. Cassian hakumcheka. Alifungua kamusi yake, nzima, akamwekea kidole kwenye mstari. Speciose akasoma. Akaomba frugal, akasoma. Akaomba gullible, akasoma: ni mtu anayedanganyika kirahisi.

Alimtafuta Eugenia kwa macho. Alikuwa amesimama peke yake karibu na ukuta, kaufunga ule mtandio wa njano ambao Speciose alimpa siku ya kipaimara. Eugenia akampungia mkono. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Speciose alikuwa akiusikia msemo huo tangu utotoni bila kujua kuwa unauma hivi.

Mama yake Eugenia alipolazwa, nani aliwapandia maharage? Nani aliwapelekea magadi na kuni? Ni moyo wa namna gani unaoweza kukaa mkeka mmoja na mwenzako, ukala viazi vya kwao, ukamwita mama yake mama, kisha ukamdanganya huku unamtazama usoni? Alitamani kumrukia. Alitamani zaidi kulia, lakini mlango ulifunguliwa na wote wakaitwa ndani.

Karatasi ilitaka maana za maneno, nayo maneno yalipangwa kwa kufuata herufi. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa shamba la Eugenia. Speciose alijaza yale machache aliyoonyeshwa na Cassian, na mengine akayaacha wazi, kwa sababu hakujua tena lipi ni la kweli. Chozi likaangukia kwenye jina lake. Alijiona mjinga kuliko wajinga wote wa Karagwe.

Akageuza ukurasa. Hapa maneno yalianza na M, yakaendelea mpaka mwisho wa alfabeti, na hakuna hata moja lililomshinda. Akafuta macho, akaanza kuandika maana zake za kweli.

Kwenye dawati la mbele Eugenia naye aligeuza ukurasa. Aliandika haraka, kwa raha, bila kusita hata mahali pamoja, zile maana ambazo Speciose alikuwa akimtungia tangu Jumamosi ya kwanza.