Mama wa Kwenye Picha

Chuo cha mtaa kilikuwa kimempa mchoraji chumba na rangi kwa muhula mzima, na leo wageni walikuja kutazama kazi zake. Ndiyo kwanza alikuwa amewaambia kwamba mama yake ni msanii, na ndiye aliyemfundisha kushika brashi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama yake, ambaye hakuwa amealikwa.

Wageni waligeuka wakamtazama. Mikono yake, iliyochubuliwa na sabuni kwa kufua nguo za watu, ilikuwa pia ukutani, kwenye picha kubwa kuliko zote, ya mwanamke aliyeinamia beseni.

"Kumbe ndiye huyu," mkuu wa chuo alisema. "Mlijuana vipi?"

Maneno yalimtoka mchoraji kabla hajayapima. "Ni mama mmoja wa mtaani kwetu. Nilimwomba akae nimchore."

Mama aliitazama picha, kisha akamtazama yeye. Akaifuta mikono kwenye gauni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Ndiyo," alisema. "Kijana ana adabu sana."

Mkuu akataka wapigwe picha pamoja. Mama akavuta kigoda, akaketi, akainama kama mtu aliye mbele ya beseni.

"Nikae hivi, mwalimu?" akamuuliza mwanawe.