Afya ya Mzee

Waliompenda Mzee walisimama upande wa kushoto wa lango la hospitali, wakiomba awe mgonjwa sana. Waliomchukia walisimama upande wa kulia, wakimtakia afya njema. Katikati alisimama askari mmoja mwenye njaa, ambaye hakumtakia Mzee chochote.

Mzee aliitawala nchi miaka mingi, akatoka madarakani na mashamba mengi kuliko aliyoingia nayo. Sasa alikuwa na kesi ya wizi. Kesi ilipoanza kunoga, mawakili wake wakagundua kwamba ni mgonjwa. Jaji akaamuru apimwe damu katika hospitali ya umma. Akiwa mgonjwa kweli, kesi ingefutwa akapumzike. Akiwa mzima, angepanda kizimbani Jumatatu.

Ndani ya maabara mabishano yalikuwa yale yale ya langoni, ila yalikuwa ya kifamilia.

Mpimaji wa damu alikuwa mwanamume wa makamo. Wenzake walimwita Chuma, kwa kuwa alijisifu kwamba hajameza kidonge tangu aoe. Nyumba ya baba yake ilivunjwa kupisha barabara ya kwenda shamba mojawapo la Mzee, na baba akafa akiwa mpangaji. Tangu hapo Chuma alitaka jambo moja tu: kumwona Mzee kizimbani.

Muuguzi aliyeleta kichupa cha damu alikuwa mdogo wa mke wake. Picha ya Mzee ilitundikwa sebuleni kwake, juu kidogo ya picha ya harusi.

"Pokea, shemeji," alisema. "Na uishike vizuri. Hiyo ni damu ya mtu mzito."

"Mzito wapi? Nimemwona akipanda ngazi. Ameziruka mbili mbili. Mgonjwa gani huyo?"

"Mkono ulikuwa unamtetemeka."

"Alikuwa anawapungia wapiga picha."

"Aliupunga huku unatetemeka."

Chuma alicheka. Alimimina maji kwenye glasi, akanywa yote, akamimina mengine.

"Huyo mzee wenu atatuzika sisi na watoto wetu," alisema. "Mkitaka aumwe, subirini aone hukumu."

"Chuki itakumaliza, shemeji. Umekonda mpaka suruali inataka kukudondoka."

"Nimekonda kwa kusubiri haki."

"Haki gani? Mlipokuwa mnakula wali kwenye mikutano yake hamkuiulizia."

"Ngoja, narudi," alisema Chuma, akaelekea chooni.

"Kila hoja ikikushinda, choo kinakuita," shemeji yake aliuambia mgongo wake.

Aliporudi, muuguzi alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Ilimbidi atoke. Kwa amri ya jaji, mpimaji alitakiwa kupima akiwa peke yake, mlango umefungwa, ili mtu yeyote asije akamshawishi. Tena majibu yangekwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya madaktari watatu, mpimaji mwenyewe asiyaone. Jaji alikuwa amefikiria kila kitu.

"Shemeji," muuguzi alisema, sasa kwa sauti ya chini, "usije ukafanya ujinga. Una mke na watoto."

"Mashine haina chama," alijibu Chuma.

Alifunga kwa ufunguo. Alipotoka alikuwa anapiga mluzi. Alimpitia askari pale langoni akamshauri Jumatatu aje mahakamani mapema, maana viti vitakuwa vichache.

Alasiri daktari mkuu alisimama kwenye ngazi za hospitali mbele ya kamera. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Sukari imepanda kiasi cha kutisha," alisema. "Figo zote mbili zimeharibika. Kwa kweli hatuelewi mtu huyu anasimamaje. Asipoanza matibabu leo hii, hatudhani atamaliza mwaka."

Upande wa kushoto ulilipuka kwa shangwe. Watu walikumbatiana. Mama mmoja alilia kwa furaha, akawa anarudia kwa kila aliyempita, "Zote mbili, jamani. Zote mbili." Upande wa kulia walishika vichwa kama waliofiwa, kisha wakakumbuka kwamba madaktari wamenunuliwa, wakapata nafuu.

Mzee mwenyewe aliteremka ngazi akiziruka mbili mbili, mpaka wakili wake alipomshika kiwiko. Hapo ndipo alipoanza kuchechemea.

Muuguzi alikimbia maabara. Hata yeye, aliyeapa wiki nzima kwamba Mzee yu mahututi, alikuwa ameshangaa. Alimkuta Chuma ameketi sakafuni, redio ndogo ikisoma habari ile ile kwa mara ya tatu.

"Haya, nani alikuwa anasema ukweli?" aliuliza. "Na usinitazame hivyo. Mimi nilichota tu, mashine ni yako."

Chuma aliendelea kumtazama.

"Kubali yaishe, shemeji. Mbona umekaa kama uliyepewa siku? Figo ni za Mzee, si zako."

Chuma alizima redio. Kichupa chenye damu ya Mzee kilikuwa bado mfukoni mwa koti lake jeupe, hakijafunguliwa. Damu iliyopimwa alikuwa ameichota mwenyewe, kwenye mkono wake wa kushoto.