Mabati ya Setilaiti

Rangi ya silva ilikuwa bado mbichi gari la mtaalamu liliposhuka bondeni, limejaa vumbi la barabara ya Mikumi hadi kwenye vioo. Yusta akaitupa brashi kwenye matete, akafuta mikono kwa kanga, akavaa uso wa mke wa mzee wa kanisa.

Kazi ya ulinzi ndiyo iliyowaweka mjini. Shamba la mkonge lilipobinafsishwa, mumewe Kornelio alipunguzwa kazini, akarudi na barua na mwavuli. Kisha wakaja Wazungu, wakasimika mabati matatu mazito, yameungwa kama pembe ya chumba, wakamwajiri ayalinde. Walisema setilaiti inayopima barafu kwenye ncha za dunia hupita pia juu ya Kilosa, nayo huyapiga rada mabati yale ili ijue kama vipimo vyake viko sawa. Kulinda bati lisitembee! Yusta aliona kweli Mungu ana utani.

Halafu ikaja Elinino. Mto Mkondoa ulifurika, na Kornelio akarudi analia: mabati yamesombwa. Tangu hapo kila Jumamosi alikwenda kuyatafuta, akarudi jioni mikono mitupu, hata ugali haushuki. Yusta alimwonea huruma mno. Ndipo akabuni dawa mwenyewe: plaiwudi na kopo la rangi.

"Shikamoo, mama." Mtaalamu alikuwa binti wa chuo kikuu, Lilian.

"Marahaba, mwanangu. Kifaa ndicho hicho, hakijatikisika."

Lilian akakigonga. Ko, ko, ko. Bati gani hilo lenye sauti ya mlango?

Yusta akapiga magoti. "Usimfukuze mume wangu, mwanangu! Ni mafuriko!" Nyuma yake, Kornelio alikuwa anatazama viatu vyake.

"Inuka, mama. Setilaiti inaona barafu ikipungua kina cha kiganja, itashindwa kuona mabati?" Lilian akakunjua ramani yenye nukta nyekundu. "Tangu Februari yanajibu rada vizuri kuliko yalipokuwa hapa. Yako kule kilimani, nyuma ya nyumba ya nne kutoka kanisani. Nilidhani mmeyahamisha wenyewe, maji yasiyafikie."

Yusta akahesabu nyumba kwa kidole. Akahesabu tena.

"Kornelio," aliita taratibu, "hivi lile bafu analojisifia mjane Hildegarda, fundi wake alikuwa nani?"