Mabawa Yasiyo na Namba

Sonara aliigeuza beji chini ya kioo cha kukuzia, akautazama mgongo wake, na papo hapo akajua nani aliitengeneza. Aliinua macho akamtazama mzee aliyekaa upande wa pili wa meza, mkongojo katikati ya magoti.

"Haya, mama," mzee alisema. "Kazi ya nani hiyo?"

"Subiri kidogo, mzee wangu. Sina pupa."

Pupa ya nini? Asubuhi hii alikuwa ameisubiri miaka thelathini na miwili.

Mzee hakumkumbuka, na angemkumbukaje? Siku ile sonara alikuwa msichana wa miaka tisa, kasimama pembeni ya uwanja wa gwaride na viatu vipya vinavyombana. Baba yake alikuwa kwenye mstari wa askari wa miavuli, mabawa ya fedha yaking'aa kifuani. Mzee huyu, wakati huo mkaguzi wa nishani, alipita akigeuza beji moja baada ya nyingine. Kwa baba akasimama. Za wengine zote zilikuwa na namba ya kiwanda mgongoni. Ya baba ilikuwa tupu.

"Bandia," alisema mkaguzi. "Kitu cha mtaani."

Faili la baba lilikuwa limeungua pamoja na ofisi ya kikosi, na wenzake wa kundi la kwanza walishakufa au kutawanyika. Hakuwa na kingine cha kumtetea. Wakamfukuza kama tapeli aliyejipachika mabawa ya watu. Beji, familia iliambiwa, ilikwisha kuyeyushwa. Baba akaishia kulinda bohari la saruji, na watoto wa mtaa kila wakipita walimwimbia, "Mwavuli, ruka!" Alicheka nao. Akifika nyumbani alikaa ukingoni mwa kitanda, hata viatu havui. Hivyo hivyo mpaka alipozikwa.

Binti akajifunza usonara, kisha akajifunza beji. Kwa miaka kumi na moja aliuliza huku na huku, hadi akamfikia mjukuu wa fundi mmoja wa vifungo vya makoti. Kumbe kabla kiwanda hakijapewa kazi ile, fundi huyo ndiye aliyewatengenezea kundi la kwanza: beji arobaini, zisizo na namba, pini zimelehemiwa kwa mkono. Kalibu yake ilikuwa na ufa, nao uliacha mstari mwembamba kama unywele chini ya bawa la kushoto.

Mstari huo sasa ulikuwa mbele ya jicho lake.

"Nilisomewa makala yako ya huyo fundi wa kwanza," mzee alisema. "Lakini alama yake hukuitaja. Na hata ungeitaja, macho yangu haya yamebaki ya kukwepea mashimo tu."

"Sikuitaja kwa sababu ya matapeli." Alilitamka neno hilo taratibu. "Naijua peke yangu."

"Ndiyo maana nimekuja. Ni yake?"

Watu wote wa kazi hii walijua kabati la mzee: beji mia nne, na heshima yake yote ya uzeeni imekaa mle ndani. Bila shaka hii aliitaka iwe taji. Sonara akakiweka kioo chini. Maneno aliyokuwa akiyafanyia mazoezi bafuni na jikoni tangu utotoni yalitoka yenyewe, laini kama mafuta.

"Bandia. Kitu cha mtaani."

Mkongojo ulimponyoka mzee ukaanguka sakafuni. Hakuuokota.

"Tazama tena, mwanangu. Nakuomba."

Akatazama tena, kwa muda mrefu, ili utamu usiishe upesi.

"Mzee, mimi sibabaishi. Aliyekupa hii alikuona huna jicho."

"Basi niandikie. Utie sahihi na muhuri."

Akaandika. Akagonga muhuri mpaka vikombe vya asidi vikacheza mezani, na kifuani akasikia kitu kikilegea, fundo la miaka yote ile. Laiti baba angekuwepo, akawaza, akae pale kwenye stuli aone.

Mzee aliuweka waraka karibu na dirisha, akaupiga picha kwa simu, akaituma. Kisha akashusha pumzi ndefu. Sonara alimtazama usoni akitafuta aibu, asiione.

"Nimewapelekea bodi ya jeshi," mzee alisema. "Walikuwa wanangoja neno lako tu wamsafishe marehemu mmoja. Mimi ndiye niliyewaandikia. Beji hii nilimvua kifuani kwa mikono yangu, mbele ya gwaride, binti yake mdogo akinitazama. Nikasema nimeiyeyusha, lakini moyo ulikataa, nikaificha. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza, je, kama nilimdhulumu yule bwana?"

Aliinama, akaupapasa mkongojo wake chini ya meza, akaupata. Alipoinuka alikuwa akitabasamu, na machozi yakimtoka.

"Ahsante sana, mwanangu. Kumbe sikumkosea."