Nembo ya Mbele

"Ing'oe hiyo nembo, kijana wangu, nalichukua gari leo hii."

Otto, muuzaji wa duka la magari, alidhani mzee anatania. Lakini mzee yule, mnunuzi wa vito kutoka Tunduru, alikuwa ameinama mbele ya gari jeusi, akiimulika nembo kwa kitochi chake cha kukagulia mawe.

"Gari zuri, wallahi. Ila nembo hii hii iko kwenye pikapu yangu ya kubebea korosho. Nikienda nalo msikitini watanicheka, watasema Alhaji kaosha pikapu."

Tangu gari lile la kifahari liletwe Songea, watu walikuja kupiga nalo picha na kuuliza linabeba magunia mangapi ya mahindi. Bosi wa Dar es Salaam alishasema: lisipouzwa wiki hii, duka linafungwa na Otto anarudi kulima Mpitimbi.

Otto akachukua bisibisi. Nembo iligoma, kisha ikaruka na kipande cha rangi, ikaacha alama nyeupe yenye ukubwa wa kucha.

Mzee akawasha tena kitochi. Aliikagua ile alama kama anavyokagua jiwe.

"Lina jeraha," alisema, akakizima. "Mimi chenye jeraha sinunui."

"Mzee wangu, si wewe uliyesema niing'oe?"

"Nilisema uing'oe. Sikusema uliumize."

Alipoondoka, Otto aliirudisha nembo mahali pake, akaikandamiza kwa kiganja. Simu ya bosi ikaanza kuita mfukoni. Aliiacha iite. Kila alipolegeza mkono, nembo ilianza kuteleza.